Kengele ya Mtu wa Mwisho

Watu wa kwetu hawahesabiwi. Mbuzi unaweza kuhesabu, na magunia ya mbolea nayahesabu kila asubuhi katika duka langu la pembejeo pale Keroka, lakini watu, hapana. Unamwita kila mtu kwa jina lake au unanyamaza. Anyona ni mwalimu wa jiografia na hupenda kujifanya haamini mambo ya wazee, ila hata yeye, kiongozi wetu wa baiskeli, hakuthubutu kusimama njia panda akatunyooshea kidole na kusema moja, mbili, tatu. Mama yake alimkanya tangu akiwa mdogo. Ndiyo maana kundi letu lilikuwa na kengele.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Anayeendesha mwisho ndiye anayebeba kengele. Tukifika kwenye mteremko mbaya, walio mbele wanashuka mpaka chini kabisa, kwenye daraja la mbao, wanangoja huko. Wa mwisho akishapita pale pabaya na kufika salama kwenye banda la kupimia majani chai, anaipiga kengele. Ikilia, Anyona anapaza sauti, "Togende!" yaani twendeni, na kundi linavuka daraja na kuanza kupanda ng'ambo ya pili bila kugeuka nyuma. Kengele ilikuwa na maana moja tu: wote tumepita, hakuna aliyebaki.

Nasema kundi letu, lakini mimi niliingia mwishoni mwishoni. Kabla yangu, kengele ilikuwa ya Onchiri.

Onchiri nilimjua kama mteja. Alikuwa akija dukani kununua dawa ya kupe kwa ajili ya ng'ombe wa mama yake, mtu mrefu, mpole, aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alikuwa amchukue Celestine, rafiki yangu tangu tukiwa shule. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshaketi, nguo za maharusi zilikuwa zinashonwa. Kisha Jumapili moja baada ya mvua wakaenda kuendesha, na Onchiri hakurudi.

Mahali penyewe wanapaita Kinyozi. Ni njia nyembamba inayoshuka ubavuni mwa kilima cha Manga, mizizi juu, mawe chini, vichaka vinakukwangua huku na huku. Wakaipa jina hilo kwa sababu hakuna aliyeshuka pale akafika chini na ngozi yake yote. Wenyewe waliona ni jambo la kujivunia. Mimi niliona ni upungufu wa akili, na niliwaambia.

Celestine alinisimulia habari ya siku ile mara nyingi sana, akiwa amekaa juu ya gunia la chakula cha kuku dukani kwangu, macho mlangoni. Kila mara alisimulia vilevile.

"Sisi tulikuwa chini kwa daraja," angesema. "Tukangoja. Halafu kengele ikalia. Unajua kwa kawaida alikuwa anapiga mara mbili tu, kling kling, basi. Lakini siku hiyo, Joyline, aliipiga kama mtoto amenunuliwa baiskeli. Akapiga, akapiga. Sisi huko chini tukacheka. Ogeto akasema, ni furaha ya harusi hiyo, mwacheni. Nikacheka mpaka nikashika tumbo."

Wakavuka daraja wakapanda. Wakafika Nyakoe, wakaketi hotelini kwa Mama Nyasani, chai ikaja, chai ikapoa. Walipoona haji, wakarudi. Bandani hawakumkuta. Walimkuta juu zaidi, pale pabaya pa Kinyozi, ndani ya korongo chini ya kichaka, baiskeli ikiwa juu yake. Alikuwa ameshakata roho. Watu walisema alikwenda papo hapo, hakuteseka, na mama yake akaambiwa hivyo, na hayo yalisaidia kidogo.

Lakini kama alikuwa ameshafika bandani na kupiga kengele, alipandaje tena juu? Kwa nini?

"Alirudi kufuata nini?" Celestine aliniuliza. Alimuuliza Anyona, akamuuliza Ogeto, aliiuliza dari ya chumba chake usiku. Hakuangusha kitu, maana vitu vyake vyote vilikuwa mfukoni. Asubuhi ile walikuwa wamezozana, jambo dogo tu: Celestine hakutaka kuishi kwenye boma la mama mkwe. Basi akilini mwake akatengeneza jibu. Onchiri alipiga kengele ili waondoke. Aliwatanguliza, akageuza baiskeli aende zake, kwao, bila Celestine. "Na alikuwa na furaha," aliniambia. "Hiyo ndiyo inaniua. Nikisema nijifariji kwamba alikuwa na furaha siku ya mwisho, najiuliza tena, furaha ya nini? Ya kuniacha mimi?"

Nilimwambia aache upuuzi. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu mimi nikihurumia mtu huwa nakuwa mkali, na mama yangu ananisema kwa hilo mpaka leo. Haikusaidia. Alikonda. Kazini kwake, kwenye ofisi ya sako, chama cha akiba na mikopo, walimwondoa dirishani kwa sababu wateja walikuwa wanamwita mara mbili ndipo aitikie.

Kisha, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, akaja dukani amevaa viatu vya michezo. "Tunaanza tena kuendesha," alisema. "Nataka kupita pale. Nataka kupita mpaka nijue. Na wewe utakuja na mimi."

"Mimi? Na huu mwili?"

"Huo huo."

Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye matairi mapana kama chapati za harusini. Nilijiambia nitakwenda mara moja, nimtazame asifanye jambo baya, basi.

Tulikuwa tunaendesha Jumapili, kwa kuwa Anyona na Ogeto ni watu wa Sabato na Jumamosi ni ya kanisa. Mimi na Celestine ni Wakatoliki, kwa hivyo tulikwenda misa ya kwanza, tukavua gauni, tukakutana nao Keumbu sokoni. Anyona aliitazama baiskeli yangu akaizunguka. "Madam Joyline, hii ni baiskeli ama ni mkokoteni?" Nikamwambia ni gari la kubeba walimu wanaochoka njiani. Ogeto alicheka akakaribia kumwaga uji wake. Ogeto ni fundi wa simu, mnene kiasi, na kila mara mdomo wake una kitu unatafuna.

Ndipo Anyona akatoa kengele mfukoni. Ilikuwa ya shaba, kubwa, ya baiskeli nyeusi ya zamani ya babu yake Onchiri, yenye kile kidude cha kusukuma kwa kidole gumba. Akaifunga kwenye usukani wangu.

"Kwa nini mimi?"

"Kengele ni ya mtu wa mwisho," alisema. "Na wewe hata ukianza wa kwanza, utakuwa wa mwisho."

"Ogeto je?"

"Mimi nyuma siendi," Ogeto alisema upesi. Hakuwa anacheka tena. "Nilijaribu mara moja, baada ya msiba. Siendi." Nilimuuliza kwa nini, akaweka mandazi mdomoni.

Sasa niseme ukweli, maana nimewasema sana: nilipenda. Sikutegemea. Tulipanda katikati ya mashamba ya chai, kila kilima kikiisha kinaonyesha kingine, na nilimtukana Anyona kila kona mpaka pumzi ya kutukana ikaisha. Migomba ilikuwa bado inadondosha maji ya mvua ya jana. Watoto walitoka mbio kwenye maboma wakipiga kelele wakisukuma baiskeli zetu kwa nyuma, na mzee mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe alisimama akatuuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, tunafukuzwa na nani. Juu kabisa, Manga, upepo ulituingia ndani ya mashati na nchi yote ikawa chini yetu, kijani juu ya kijani, mabati yakimetameta. Celestine alivua helmeti akafumba macho. Ogeto aligawa ndizi mbivu. Nilifikiri, hawa watu si wendawazimu sana. Nilifikiri, ningemjua Onchiri hapa, ningempenda.

Halafu tukashuka, na mimi nikawa nyuma.

Nilishuka Kinyozi kwa miguu, nakiri, nikiisukuma baiskeli na kuitukana. Wengine walikuwa wameshapotea chini. Ndipo nikasikia. Mnajua ule mlio wa gia ya nyuma, gurudumu linapojiendea bila kukanyagwa: tik-tik-tik-tik. Ulikuwa nyuma yangu, juu kidogo, unashuka taratibu kama mtu anayeniheshimu asinipite. Nikasogea pembeni nimpishe. Ukanyamaza. Nikageuka: njia tupu, ukungu, kichaka. Nikaanza kwenda, ukaanza. Nikasimama, ukasimama.

Sikupiga yowe. Nilisema Salamu Maria kwa sauti, nikaenda upesi, na mlio ukaja upesi. Ulinifuata mpaka bandani. Pale nilipiga kengele mara mbili, nikasikia chini Anyona akiita "Togende!" Nilipowafikia sikusema neno. Ningesema nini, na Celestine yupo pale akiwa ameukunja uso kwa kutafuta jibu lake?

Nyakoe, Mama Nyasani alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa hajawaona tangu msiba. Alileta birika na vikombe, akavipanga mezani, akasimama na kikombe kimoja mkononi akitazama mlangoni.

"Yule wenu wa nyuma amebaki wapi?" aliuliza.

"Wa nyuma ni mimi, mama," nilisema.

Alinitazama, akatazama mlango tena. "Haya," alisema polepole, akakirudisha kikombe jikoni. Ogeto hakumaliza chai yake. Celestine aliukazia macho mlango ule mpaka tulipoondoka.

Njiani kurudi nilimuuliza kama amepata alichokitafuta. "Sijapata," alisema. "Nimepita pale, ni mawe tu. Jumapili ijayo tena." Nikajua ataendelea kupita pale mpaka naye aanguke, au azeeke. Na nikajua nitakuwa nyuma yake, kwa sababu rafiki ni rafiki.

Jumapili iliyofuata wingu lilikaa juu ya Manga tangu asubuhi. Anyona alisema mvua itangoja. Mvua ya Kisii haijawahi kumngoja mwalimu wa jiografia. Ilitukuta juu, ikatuchapa, ikaondoka, ikaacha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Tulikuwa tumelowa mpaka mifupani, lakini tulikuwa tunacheka, hata Celestine, kwa sababu Ogeto alikuwa ameteleza akakaa kitako kwenye matope na kusema hapo hapo ndipo atakapojenga.

Wakashuka mmoja mmoja. Anyona kwanza, kisha Ogeto, kisha Celestine. Nikabaki mimi na kengele. Na kwa kuwa niliogopa kutembea pale nikifuatwa, safari hii nilipanda baiskeli. Niliona heri nishuke kwa kasi, nimalizane nayo.

Mzizi ulilishika gurudumu la mbele. Nakumbuka anga, kisha majani, kisha usukani ukinipiga kifuani kwa nguvu zote. Nilianguka ndani ya korongo, mgongo chini, baiskeli juu yangu, kichaka kimejifunga juu yetu sote kama mlango. Nilifungua kinywa niite. Hakuna kilichotoka. Si sauti ndogo, hakuna sauti kabisa. Kifua kilikuwa kimefungwa na kila nilipojaribu kuvuta hewa kitu ndani ya mbavu kilinichoma. Mkono mmoja ulikuwa umebanwa. Mwingine ulikuwa kwenye usukani, na chini ya kidole gumba palikuwa na kengele.

Nikaipiga.

Ilikuwa ndiyo sauti pekee niliyobaki nayo. Nikapiga mara mbili, nikangoja. Nikapiga tena, na tena, nikapiga bila kuacha, kling kling kling kling, nikisema moyoni, njooni, niko hapa, njooni, naumia, njooni. Bonde lile linabeba sauti vizuri. Nilisikia kicheko cha Ogeto kikipanda kutoka chini, waziwazi kama yuko kando yangu.

"Leo Madam amefurahi!"

Na Anyona: "Togende!"

Nikasikia mbao za daraja zikigonga chini ya tairi, baiskeli moja, halafu nyingine. Zikaenda.

Sijui niseme vipi baridi iliyoniingia pale. Haikuwa ya maji. Nilikuwa nimelala mahali pa mtu mwingine, mkono wangu ukiwa mahali pa mkono wake, na nilijua jibu la swali la Celestine tangu mwanzo hadi mwisho. Onchiri hakurudi kufuata kitu. Hakuwahi kufika bandani. Hakwenda papo hapo pia. Alikuwa hai, hana sauti, ana kengele. Aliwaita kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa njia ya kuwaambia waende. Kadiri alivyozidi kuita ndivyo walivyozidi kucheka. Nililia, na kulia kulinichoma mbavu, na nikaendelea kulia. Kidole changu kikaacha kusukuma. Niliona hakuna maana.

Ndipo tik-tik-tik ikaja. Ilishuka njiani juu ya kichwa changu, taratibu, ikafika usawa wangu, ikatulia kidogo. Kuna kitu kilipumua pale, au ni upepo. Sikuogopa. Nilikuwa nimeshamjua. Halafu mlio ukaendelea, kwa kasi, kuteremka kuelekea darajani.

Kukawa kimya. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani, na mahali fulani ng'ombe akalia.

"Joyline!"

Alikuwa Celestine, anapanda kwa miguu, anahema. "Joyline! Uko wapi?" Nikasukuma kengele mara moja. Akafuata mlio, akapasua kichaka kwa mikono, akaiondoa baiskeli juu yangu. Alinishika uso kwa glavu za matope akiniuliza nimeumia wapi, nami nikaweza kuonyesha mbavu, na polepole hewa ikaanza kuingia, kidogo kidogo, kama inaomba ruhusa.

"Nilikuwa naanza kuvuka daraja," alisema. "Wale wameshapita. Nikasikia gia nyuma yangu karibu kabisa, nikajua ni wewe, nikageuka nikucheke umeshuka haraka." Akageuka tena kuitazama njia. "Hapakuwa na mtu. Nikapanda bandani. Matope yote na hakuna alama ya tairi lako. Hukufika bandani, Joyline."

Nilitikisa kichwa.

"Kwa hivyo mbona ulipiga kengele?"

Nilimwona akiuliza tu, hajafika bado kwenye jibu. Nikaona kwamba naweza kumzuia asifike. "Iligonga yenyewe," nilisema, kwa sauti iliyotoka kama ya bata. "Nilipoanguka. Iligonga tu."

"Ililia muda mrefu."

"Iligonga tu, Celestine."

Akanitazama. Akatazama mkono wangu. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya kengele, ngozi yake imechubuka, shaba imepakwa damu. Aliangalia hapo kwa muda, kisha akaangalia korongo lile, kichaka, mahali ambapo tulikuwa, na nikamwona akifika.

Alikaa chini kwenye matope. Hakulia. Afadhali angelia.

"Hakurudi," alisema.

"Celestine."

"Hakurudi kufuata kitu. Hakuwa anaenda popote." Aliongea taratibu, kama anasoma maandishi yaliyo mbali. "Alikuwa anatuita. Alikuwa ananiita mimi. Na mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo."

Nilimshika kwa ule mkono mmoja uliokuwa mzima. Yeye ni mwembamba siku hizi, nilihisi mifupa yake ndani ya koti la mvua. Nilitaka nimwambie neno lolote, kwamba hakumwacha, kwamba sasa anajua hakumwacha, kwamba hilo ndilo alilolitaka. Lakini nilijua bei ya hilo jibu, na nilinyamaza. Kwa mara moja maishani mwangu nilinyamaza.

Chini tulisikia hatua na matawi yakivunjika. Ni Anyona na Ogeto, wamerudi baada ya kuona hatuji. Anyona alikuwa mbele, amelowa, uso wake una wasiwasi na kucheka kwa pamoja. "Kuna nini? Madam, ni wewe umelala huko? Si tulisikia kengele? Mimi nikasema wote wamepita, nikasema tuende!"

Celestine aliinuka. Alikuwa amempa kisogo, na mimi peke yangu niliuona uso wake. Anyona ndiye aliyesema tuende siku ile pia. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele, ndiye anayempelekea mama yake Onchiri unga kila mwisho wa mwezi. Angeuliza swali moja tu zaidi, naye angefika.

Celestine alijifuta uso kwa mgongo wa glavu, akageuka.

"Iligonga yenyewe," alimwambia. "Alipoanguka."

"Ah," Anyona alisema. "Pole, Madam. Hiyo kengele imezeeka sana, tutaibadilisha."

"Haitabadilishwa," Celestine alisema. "Na kuanzia leo hatuendi kwa kusikia. Tutangoja mpaka tuone uso wa kila mtu." Anyona alifungua kinywa abishane, kama kawaida yake, akamtazama, akakifunga.

Tulishuka sote kwa miguu. Ogeto alinishika kwapani, akinung'unika kwamba mimi ni mzito kuliko mkokoteni wangu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kama angenipa pole. Anyona alisukuma baiskeli yangu. Celestine alikaa nyuma kabisa. Alikuwa ameifungua kengele kutoka kwenye usukani wangu na kuifunga kwenye wake, hakuna aliyemuuliza. Tulipita bandani, hakuipiga. Tukafika darajani, tukasimama, mto umejaa na una rangi ya chai ya maziwa.

Anyona alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, bila kuhesabu. "Haya, wote tuko. Togende."

"Bado," Celestine alisema.

Alikuwa ameugeukia mlima. Ukungu ulikuwa unashuka juu ya Kinyozi, njia inaonekana kipande tu, kisha haionekani.

"Bado nani?" Anyona aliuliza. "Si tuko sote hapa?"

"Bado."

Tukangoja. Mvua ndogo ilianza tena. Nilihisi mkono wa Ogeto ukikaza kwapani mwangu, na nilipomtazama nilimwona amevua helmeti, ameishika kifuani, kama watu wanavyovua kofia jeneza linapopita. Basi nikajua si mimi peke yangu ninayesikia. Ilikuwa inashuka, tik-tik-tik-tik, taratibu, bila haraka, ikapita bandani, ikaja mpaka kwenye ubao wa kwanza wa daraja, kando ya Celestine. Hapo ikanyamaza.

Celestine hakugeuza kichwa. Alikaa hivyo, midomo yake ikisema kitu ambacho hakikuwa chetu kusikia. Kisha akaweka kidole juu ya kengele na kuipiga mara mbili, kling kling, kama alivyokuwa akiipiga Onchiri mwenyewe.

"Togende," akasema.